Kompyuta ya Zamani Inapogoma Kupokea Mfumo Endeshi Mpya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu zaidi kompyuta zenye Windows 10 ambazo wenyewe wanajaribu kuzipandisha kwenda Windows 11, kwa kuwa maswali mengi yanatoka huko tangu Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mac na Linux zimewekwa mwishoni. Jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, namba ya swali husika imetajwa.

## Mambo ya mwanzo

1. Usakinishaji umeshindikana na kompyuta imerudi kwenye mfumo wa zamani. Je, faili zangu zimepotea?

Kwa kawaida hazijapotea. Programu ya usakinishaji huuweka kando mfumo wa zamani pamoja na vitu vyako, na haiuachi moja kwa moja mpaka ule mpya uwe umewaka na kukamilika. Ukiona ujumbe kwamba mabadiliko yanatenduliwa, huo ni utaratibu wa kurejea uliopangwa tangu mwanzo, na hupaswi kuukatiza hata ukichukua muda mrefu.

Ukishaingia, fungua folda za nyaraka na picha uhakikishe. Ikiwa eneo-kazi ni tupu na kuna tangazo kwamba umeingia kwa wasifu wa muda, usihifadhi chochote hapo, kwa sababu kitafutika utakapotoka. Zima na uwashe upya, kisha angalia ndani ya `C:\Users`, ambako mara nyingi folda yako ya kweli bado ipo kama ulivyoiacha.

2. Je, nijaribu tena papo hapo?

Hapana. Jaribio la pili lisilobadilisha chochote huishia palepale lilipoishia la kwanza. Fanya kwanza mambo mawili: nakili faili zako kwenye diski ya nje, kisha utafute msimbo wa hitilafu (swali la 4 na la 5). Isipokuwa tu msimbo uwe `0xC1900107`, unaomaanisha kwamba usafishaji wa jaribio lililopita haujamalizika. Huo hutibiwa kwa kuwasha kompyuta upya na kufuta faili za muda kabla ya kuanza tena.

3. Nitajuaje kama kompyuta yangu inastahili Windows 11?

Masharti ya Microsoft ni prosesa ya biti 64 yenye viini viwili au zaidi na kasi ya GHz 1 kwenda juu, RAM ya GB 4, diski ya GB 64, programu dhibiti ya UEFI (ile inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows) yenye uwezo wa Secure Boot, yaani kinga inayozuia programu zisizoaminika wakati wa kuwaka, na TPM, kifaa cha usalama kinachotunza funguo, toleo la 2.0. Juu ya hayo, prosesa lazima iwe kwenye orodha iliyoidhinishwa, ambayo kwa Intel huanzia, isipokuwa chache, kizazi cha 8, na kwa AMD huanzia mfululizo wa Ryzen 2000. Sharti hili la prosesa ndilo linaloziangusha kompyuta nyingi ambazo bado zina nguvu ya kutosha kwa kazi za kila siku.

Programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check hutaja kipengele kilichokwama. Soma jina la kipengele hicho kwa makini kabla ya kukata tamaa, kwa sababu TPM na Secure Boot mara nyingi huwa zipo lakini zimezimwa (swali la 12), ilhali prosesa haiwashwi kwa kubonyeza kitu.

## Kusoma hitilafu

4. Msimbo kama `0xC1900101-0x30018` unamaanisha nini?

Msimbo huu una vipande viwili, na watu wengi husoma cha kwanza tu. Kipande cha kwanza hutaja aina ya kosa. Cha pili hutaja hatua ambayo kosa lilitokea, na tarakimu ya kwanza baada ya `0x` ndiyo ya kutazamwa: 1 ni wakati mfumo wa zamani bado unafanya kazi na faili zinapakuliwa na kunakiliwa, 2 ni ndani ya mazingira madogo ya usakinishaji, baada ya kompyuta kuzima na kuwaka, 3 ni mfumo mpya unapowaka kwa mara ya kwanza na kutambua vifaa, 4 ni unapowaka kwa mara ya pili na kuhamisha mipangilio na data za watumiaji.

Kwa hiyo mfano uliotajwa unasomeka hivi: kosa ni la draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa (`0xC1900101`), na limetokea mfumo mpya ulipowaka kwa mara ya kwanza, kwa sababu draiva ya kifaa fulani iliacha kuitikia. Hapo unajua tayari kwamba nafasi ya diski na intaneti hazihusiki, na umejiokolea saa kadhaa za kusafisha folda bure.

Misimbo mingine inayojirudia ni `0xC1900208`, inayoelekeza kwenye programu isiyopatana na mfumo mpya. `0xC190020E` na `0x80070070`, ambazo zote ni upungufu wa nafasi. `0xC1900200`, yaani kompyuta haikutimiza masharti. Na `0x80073712`, yaani faili inayohitajika imeharibika au haipo.

5. Skrini haikuonyesha msimbo wowote. Nitaupata wapi?

Anza na historia ya masasisho ndani ya mipangilio ya Windows, ambako jaribio lililoshindikana huandikwa pamoja na msimbo wake. Usipouona, fungua folda iliyofichwa ya `C:\$WINDOWS.~BT\Sources`. Ikiwa kazi ilikwama mapema, kumbukumbu (rekodi za usakinishaji) ziko kwenye folda ndogo ya `Panther`; ikiwa mfumo ulirejeshwa nyuma, ziko kwenye `Rollback`. Faili za kusoma ni `setuperr.log` na `setupact.log`.

Zisome kutoka chini kwenda juu, ukilinganisha saa zilizoandikwa na wakati usakinishaji ulipokufa, kwa maana hata usakinishaji uliofaulu huacha mistari mingi ya makosa yasiyo na madhara. Asiyependa kazi hiyo atumie SetupDiag ya Microsoft, ambayo huchambua kumbukumbu hizo; ikiendeshwa na usakinishaji wenyewe, matokeo yake hukaa katika `C:\Windows\Logs\SetupDiag`.

6. Nimepata `0xC1900101`. Nitaijuaje draiva yenye makosa?

Chomoa kwanza kila kisichohitajika: printa, diski za nje, vipokezi vya Bluetooth, kamera na kadi za kumbukumbu. Baki na skrini, kibodi na kipanya. Kwenye kompyuta ya zamani hatua hii peke yake hutatua matatizo mengi kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu mara nyingi kuna draiva ya kifaa kilichonunuliwa na kusahaulika miaka mingi iliyopita.

Isiposaidia, tafuta kwenye `setupact.log` jina la mwisho linaloishia na `.inf` kabla ya kazi kukatika. Mara nyingi litakuwa jina lisilosema kitu, mathalani `oem12.inf`. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `pnputil /enum-drivers`, na orodha itakayotokea itakuonyesha jina la asili la faili hiyo, mtengenezaji wake na tarehe ya draiva. Ukikuta kwamba `oem12.inf` ni ya skana ambayo hunayo tena, iondoe kwa `pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall`. Lakini usiondoe kwa njia hii draiva ya kidhibiti cha diski, kwani huenda kompyuta isiwake tena.

Kama mshukiwa ni kadi ya michoro, tafuta draiva mpya zaidi kwa mtengenezaji wa kompyuta. Isipopatikana, iondoe ya sasa ili Windows itumie draiva yake ya msingi kwa muda wa usakinishaji. Picha itakuwa duni, lakini kazi itapita. Programu dhibiti ya kompyuta, ambayo wengi bado huiita BIOS, nayo isasishwe, chaja ikiwa imechomekwa, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao mama unaweza kuharibika.

## Sababu zinazojirudia

7. Inasema nafasi haitoshi, ilhali diski yangu ni ya GB 64 kama masharti yanavyotaka.

GB 64 ni ukubwa wa diski nzima, si nafasi iliyo wazi. Kwa usalama acha takriban GB 20 wazi kwenye diski ya mfumo. Pa kuanzia ni folda ya vipakuliwa, kikapu cha taka na zana ya kusafisha diski iliyomo ndani ya Windows. Amri ya `powercfg /h off` hufuta faili ya usingizi mzito na kurudisha GB kadhaa. Kwenye kompyuta zenye hifadhi ndogo, programu ya usakinishaji yenyewe huweza kukuomba uchomeke diski ya nje itumike kwa muda. Ukikubali, usiichomoe mpaka kazi yote iishe.

8. Nafasi ipo tele, lakini inasema haiwezi kusasisha patisheni iliyotengwa kwa ajili ya mfumo.

Patisheni ni kipande cha diski kilichotengwa, na hii ni nyingine kabisa, ndogo, isiyoonekana kwenye orodha ya kawaida ya diski, inayobeba faili za kuwashia kompyuta. Kompyuta nyingi za zamani zilitoka kiwandani nayo ikiwa na MB 100 tu, na baadhi ya programu za usalama au za mtengenezaji huijaza taratibu. Kwenye diski ya GPT, mtindo mpya wa kupanga patisheni (wa zamani ni MBR), amri ya `mountvol y: /s` huipa herufi ya Y, na ndani ya `EFI\Microsoft\Boot\Fonts` kuna faili za fonti zinazoweza kufutwa ili kupata MB chache zinazohitajika. Usiguse folda nyingine hapo. Tatizo hili mara nyingi hujitambulisha kwa `0x800F0922`, ingawa msimbo huo huo hujitokeza pia kompyuta inaposhindwa kuzifikia seva za masasisho, kwa mfano VPN ikiwa imewashwa.

9. Je, niondoe antivirusi?

Ile ya kampuni nyingine, ndiyo, iondoe kabisa badala ya kuizima tu, kwa sababu draiva zake huendelea kufanya kazi hata dirisha lake likifungwa. Kinga ya Windows yenyewe itachukua nafasi yake mara moja.

10. Nitajuaje kama tatizo ni faili za mfumo au ni diski yenyewe?

Kwa dirisha la amri la msimamizi, endesha `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`, kisha `sfc /scannow`, kwa mpangilio huo, kwa kuwa ya pili huchota faili nzima kutoka kwenye hazina ambayo ya kwanza huikarabati. Makosa yakirekebishwa na yasirudi, ilikuwa ni faili tu. Yakirudi baada ya siku chache, ishuku diski au RAM.

Diski inayozunguka inayogongagonga, au inayochukua dakika kadhaa kufungua folda moja, inaelekea mwisho wake. Katika hali hiyo usiendeshe `chkdsk /r`, ambayo husoma kila sehemu ya diski na inaweza kuimalizia. Okoa faili kwanza (swali la 16), ubadilishe diski, ndipo uufikirie mfumo mpya. Kwa maoni yangu, kuweka SSD (diski isiyozunguka) kwenye kompyuta ya namna hii kuna faida kubwa kuliko toleo lolote jipya la mfumo endeshi. RAM hupimwa kwa `mdsched`.

Ipo pia sababu ndogo inayosahaulika. Ikiwa tarehe inarudi nyuma miaka mingi kila unapochomoa umeme, batri ndogo ya ubao mama, kwa kawaida aina ya CR2032, imekwisha. Vyeti vya usalama hukataliwa tarehe ikiwa si sahihi, hivyo upakuaji hushindikana kwa misimbo isiyotaja saa hata kidogo.

11. Imeganda kwenye asilimia ile ile kwa muda mrefu. Nizime?

Tazama taa ya diski. Ikiwa bado inamweka, subiri. Kwenye diski inayozunguka, kazi inayochukua nusu saa kwa SSD inaweza kuchukua saa nyingi, na asilimia haipandi kwa mwendo ulio sawa. Ikiwa taa imetulia kwa saa kadhaa na asilimia haijasogea, chomoa vifaa vya nje, kisha ushikilie kitufe cha kuwashia mpaka kompyuta izime. Itakapowaka, mara nyingi itaanza yenyewe kurudi kwenye mfumo wa zamani.

## TPM, Secure Boot na masharti mengine

12. Nimeambiwa kompyuta haina TPM. Je, ni kweli?

Andika `tpm.msc` kwenye kisanduku cha utafutaji. Ikijibu kwamba haipatikani, ingia kwenye mipangilio ya UEFI na utafute jina la PTT kwa kompyuta za Intel au fTPM kwa zile za AMD. Hizo ni TPM zilizomo ndani ya prosesa au programu dhibiti, na kompyuta nyingi ziliuzwa zikiwa zimezimwa. Ikionyesha toleo la 1.2, baadhi ya kompyuta za matumizi ya ofisini zina sasisho la mtengenezaji linaloipandisha hadi 2.0. Kabla ya kugusa chochote hapa soma swali la 15, kwa sababu BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo, hufuatilia mabadiliko haya.

13. Secure Boot haikubali kuwashwa kwa kuwa diski ni ya mtindo wa MBR. Je, ni lazima nifute kila kitu?

Si lazima. Windows 10 kuanzia toleo la 1703 ina zana ya `mbr2gpt`, inayobadilisha diski bila kufuta data, mradi isiwe na zaidi ya patisheni kuu tatu. Anza na `mbr2gpt /validate /allowFullOS`. Ikikubali, endesha `mbr2gpt /convert /allowFullOS`. Baada ya hapo tu ndipo uingie kwenye mipangilio na kuhamisha hali ya kuwaka kutoka ile ya zamani kwenda UEFI. Ukigeuza mpangilio, yaani ukibadili hali ya kuwaka kabla ya diski, kompyuta haitauona mfumo wake; rudisha mpangilio kama ulivyokuwa na itawaka tena.

14. Je, ninaweza kuyaruka masharti?

Kwa kompyuta nyingi inawezekana. Kuna thamani ya rejista (hazina ya mipangilio ya ndani ya Windows) iitwayo `AllowUpgradesWithUnsupportedTPMOrCPU`, chini ya `HKLM\SYSTEM\Setup\MoSetup`, ambayo Microsoft yenyewe iliwahi kuieleza, na ambayo bado huhitaji walau TPM 1.2. Kampuni haiahidi kwamba kompyuta ya namna hiyo itapokea masasisho, na utalazimika kusakinisha mwenyewe kila toleo kubwa la mwaka.

Lipo hata hivyo sharti lisilorukika. Kuanzia toleo la 24H2, mfumo wenyewe hutumia maagizo ya prosesa ya SSE4.2 na POPCNT, na prosesa isiyo nayo, kama zile za familia ya Core 2, haiwashi Windows 11 hata ukitumia ujanja gani. Binafsi sioni busara ya kuruka masharti kwenye kompyuta inayobeba kazi ya mtu ya kila siku. Kwenye mashine ya kujaribia, ni hiari yako.

## Kompyuta haiwaki kabisa

15. Baada ya jaribio, inaomba ufunguo wa BitLocker.

Ufunguo huo ni namba yenye tarakimu 48. Ikiwa uliingia kwa akaunti ya Microsoft, ufungue ukurasa wa akaunti hiyo kwenye simu au kompyuta nyingine. Kwa kompyuta ya kazini au shuleni, muulize msimamizi wake. Bila ufunguo hakuna mlango wa nyuma, na yeyote anayedai anaweza kuufungua kwa malipo anakudanganya. Ili hali hii isitokee, sitisha ulinzi kabla ya kuanza kwa `manage-bde -protectors -disable C:`, na uuhifadhi ufunguo nje ya kompyuta hiyo.

16. Skrini ni nyeusi, au inawaka na kuzima mfululizo. Nifanyeje?

Izime kwa kitufe mara inapoanza kuwaka, urudie mpaka ikulete kwenye mazingira ya uokoaji, ambayo kwa kawaida hujitokeza baada ya kuwaka kushindikana mara kadhaa mfululizo. Humo jaribu ukarabati wa kuwaka, kisha uondoaji wa sasisho kubwa la mwisho, kisha hali salama. Mazingira hayo yasipopatikana, tengeneza flashi ya usakinishaji kwenye kompyuta nyingine, yenye ukubwa wa GB 8 au zaidi, uiwashe kompyuta kwa flashi hiyo na uchague kukarabati badala ya kusakinisha.

Ukitaka faili tu, washa kompyuta kwa flashi ya Linux katika hali ya majaribio isiyogusa diski, unakili vitu vyako kwenye diski ya nje, au utoe diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa kasha la USB. Diski iliyofungwa kwa BitLocker itahitaji ufunguo hata huko.

## Hali za pembeni

17. Windows yangu ni ya biti 32. Je, itapanda?

Haitapanda. Windows 11 ni ya biti 64 pekee, na hakuna njia ya kuhama kutoka biti 32 bila kusakinisha upya. Angalia prosesa kwanza, kwani nyingi ni za biti 64 ingawa ziliwekewa mfumo wa biti 32. Leseni ya kidijitali imefungamanishwa na maunzi, hivyo baada ya kusakinisha upya toleo lile lile la Windows, kompyuta hujiamilisha yenyewe inapopata intaneti.

18. Usakinishaji umefaulu, lakini sauti au Wi-Fi imepotea.

Una siku 10 za kurudi kwenye mfumo wa zamani kupitia sehemu ya uokoaji katika mipangilio, mradi hujafuta folda ya `Windows.old`. Amri ya `DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60` hurefusha muda huo hadi siku 60. Kabla ya kurudi, jaribu draiva ya Windows 10 kutoka kwa mtengenezaji. Nyingi hufanya kazi bila tatizo.

19. Je, nikibaki na Windows 10 nitakuwa hatarini?

Kompyuta itaendelea kuwaka na kufanya kazi, ila mashimo mapya ya usalama hayatazibwa. Microsoft ilitangaza mpango wa masasisho ya usalama ya ziada kwa watumiaji wa nyumbani wenye toleo la 22H2, unaofika 13 Oktoba 2026. Kwa kompyuta iliyoshindikana kwa sababu ya prosesa, Linux ni njia ya kudumu zaidi, na flashi ya majaribio iliyotajwa katika swali la 16 itakuonyesha kama Wi-Fi na sauti zinakubali kabla hujafuta chochote.

20. Mac yangu ya zamani inasema programu ya usakinishaji imeharibika.

Kagua tarehe kwanza, kisha umri wa faili. Programu za usakinishaji zilizopakuliwa miaka iliyopita zina vyeti vinavyokwisha muda, hivyo futa hiyo na upakue nyingine. Ikiwa Mac ya Intel haiwaki, shikilia Option, Command na R unapoiwasha, nayo itapakua kutoka intaneti toleo jipya zaidi linaloikubali.

21. Na Ubuntu iliyokwama katikati ya kupandishwa toleo?

Endesha `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt --fix-broken install`. Zikilalamika kuhusu nafasi, angalia `df -h /boot`: kwenye mashine iliyosakinishwa miaka mingi iliyopita patisheni hiyo huwa ndogo na imejaa kerneli (viini vya mfumo) za zamani, ambazo `sudo apt autoremove` huziondoa. Usiifute kwa mkono kerneli unayoitumia sasa. Amri ya `uname -r` itakuambia ni ipi.